Uzi: Ukaazi wa kudumu Kanada kwa wenye ujuzi. Kabla hujampa mtu hela, weka maisha yako kwenye karatasi

#1 Mhandisi wa Ilomba

Wakuu, habari za jioni. Kamwene kwa Iringa na Njombe, ugonile kwa Rungwe na Kyela.

Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimeona niuandike kwa sababu hapa Mbeya kila mara nasikia kijana mwenye fani yake safi ameuza kiwanja Uyole au amekopa kwenye kikoba ili ampe mtu hela "amfanyie Kanada". Hela ikishatoka, kazi ya kwanza ya huyo mtu ni kumfungulia mteja akaunti ya Express Entry, yaani mfumo wa Kanada wa mtandaoni wa kuomba ukaazi, na kumjazia wasifu. Wakuu, kufungua akaunti hiyo na kujaza wasifu ni bure kabisa. Serikali ya Kanada inaanza kudai ada ukishapata mwaliko na unawasilisha maombi yenyewe.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Nimesoma hapa chuo kikuu cha MUST, nimefanya kazi za barabara na madaraja madogo kuanzia Mbarali mpaka Ludewa, na maombi yangu ya ukaazi wa kudumu yamekubaliwa bila wakala. Siahidi kwamba kila mtu atapita. Ila nimesoma mafaili ya wenzangu wengi, na naona watu wa kwetu hawakwamishwi na akili wala uwezo wa kazi. Wanakwama kwa sababu kazi zao, ndoa zao, watoto wao na hela zao haviko kwenye maandishi. Afisa atakayesoma faili lako hajawahi kufika Mwanjelwa. Hamjui bosi wako, wala hatamuuliza balozi wa nyumba kumi wewe ni mtu wa namna gani. Anasoma kilichoandikwa, basi.

Tuanze na mfumo. Express Entry ilianza Januari 2015, na ndani yake kuna programu tatu. Kwa mtu aliyeko Tanzania ambaye hajawahi kufanya kazi Kanada, inayomhusu ni ile ya wafanyakazi wenye ujuzi. Inataka angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi yenye ujuzi, kwa muda kamili, ndani ya miaka kumi iliyopita. Inataka IELTS, mtihani wa Kiingereza, ile ya General Training, si ya Academic, na uwe na 6.0 kwenye kila kipengele: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Ukipata 8 kwenye vitatu na 5.5 kwenye kuandika, hujafika. Vyeti vyako vya elimu lazima vipimwe na taasisi inayotambulika, wengi tunatumia WES. Halafu unapimwa kwa alama 100, na ukifikisha 67 unaingia kwenye kundi la wanaosubiri.

Kuingia kwenye kundi siyo kupata. Humo ndani mnapangwa kwa alama nyingine zinaitwa CRS, jumla yake 1,200, na wanaoitwa ni wa juu. Chukua binti wa miaka 29, hajaolewa, ana digrii moja na miaka mitatu ya kazi. Umri unampa 110, digrii 120. Akipata 6.0 kila mahali kwenye IELTS, lugha inampa 68, na muunganiko wa lugha, elimu na uzoefu unampa 38. Jumla 336. Binti huyohuyo na vyeti vilevile, akirudi kujipanga akapata 8.0 kwenye kusikiliza na 7.0 kwenye vingine, lugha inakuwa 124 na muunganiko 75. Jumla 429. Alama 93 zimetoka kwenye mtihani mmoja. Ndiyo maana nawaambia vijana, hela ya kumpa dalali peleka kwenye maandalizi ya Kiingereza.

Na umri haukusubiri. Ukitimiza 30 unaanza kupoteza alama tano au sita kila mwaka, baada ya 40 zinaporomoka zaidi, na ukifika 45 umri unakupa sifuri.

Nitaendelea, naomba niandae chakula kwanza.

#2 Mnyalu wa Kihesa

Dada mhandisi, tumeweka kambi hapa. Endelea kushusha nondo.

Ila swali moja la haraka. Hapa Iringa kuna mtu anauza ofa za kazi za Kanada, anasema ukiwa nayo unaongezewa alama 50 na unapita moja kwa moja. Bei yake milioni sita. Mdogo wangu amemaliza pale Mkwawa, ni mwalimu wa kemia, ameshaanza kukusanya hela. Nimwambieje?

#3 Mhandisi wa Ilomba

Mwambie asimame leo hii, kaka. Alama za ofa ya kazi zilifutwa kwenye CRS tarehe 25 Machi 2025. Zamani zilikuwepo, 50 kwa kazi nyingi na 200 kwa vyeo vya juu. Moja ya sababu za kuzifuta ni biashara hiihii ya kuuza ofa. Kwa hiyo huyo mtu anauza kitu ambacho hata kingekuwa halisi hakina tena alama.

Na kibaya zaidi ya kupoteza hela ni hiki: ukiwasilisha ofa ya uongo, wewe ndiye umedanganya. Dalali hayumo kwenye faili. Adhabu yake ni kufungiwa miaka mitano usiombe chochote Kanada, na nchi nyingi utakazoomba baadaye zitakuuliza kama uliwahi kukataliwa mahali.

Mwalimu wa kemia ana nafasi yake halali. Tangu 2023 Kanada inaita watu pia kwa makundi ya fani, na mwaka 2025 kundi la elimu liliongezwa. Bila makundi hayo hali ni ngumu, lazima niseme ukweli: mwaka 2024 duru zote za jumla, yaani awamu za kuita watu wa fani zote, zilikata juu ya 500, wa chini ya hapo hawakuitwa. Binti wangu wa 429 hapo asingeitwa. Lakini duru ya afya ya 22 Julai 2025 ilikata 475, na ya Kifaransa tarehe 21 Machi 2025 ilishuka mpaka 379.

Ndiyo, Kifaransa. Najua mtu wa Makete akisikia hivyo anacheka. Yule binti wa 429 akifikisha kiwango cha 7 cha Kifaransa, kwa kipimo cha lugha cha Kanada, kwenye vipengele vyote vinne anaongezewa 62, anafika 491, na zaidi ya hapo anaingia kwenye duru ambazo hazina msongamano wa waombaji wa Kiingereza peke yake. Alliance Française iko Dar na Arusha, huku kwetu haipo, lakini masomo ya mtandaoni yapo. Kwa kijana wa miaka 24 au 25 mwenye muda, mimi naona hii ndiyo njia ya uhakika kuliko zote ninazozijua. Ni kazi ya mwaka mmoja na nusu au miwili ya kusoma kweli, siyo ya miezi mitatu.

Sasa nirudi kwenye barua ya mwajiri, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Barua inayotakiwa siyo ile ya "anayehusika, huyu ni mfanyakazi wetu mwaminifu". Inatakiwa iwe kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi, anuani, simu na barua pepe, imesainiwa na msimamizi au afisa utumishi, ikiwa na jina na cheo chake. Itaje cheo chako, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa unazofanya kazi kwa wiki, mshahara kwa mwaka pamoja na marupurupu, na majukumu yako. Majukumu ndiyo roho ya barua. Kanada ina orodha ya kazi inayoitwa NOC, kila kazi ina namba na maelezo. Mhandisi wa ujenzi ni 21300, muuguzi aliyesajiliwa 31301, fundi umeme 72200, mchomeleaji 72106. Afisa anachukua barua yako, anaiweka pembeni ya maelezo ya namba hiyo, anatazama kama ulichokuwa unafanya ndicho kilichoandikwa pale.

Hapa Tanzania mwajiri hana mazoea ya kuandika hivyo. Ukimwomba barua anakuandikia mistari mitatu. Kwa hiyo kaa chini uandike mwenyewe rasimu ya majukumu yako halisi, kwa maneno yako, mpelekee kwa heshima umwombe aisome na kuirekebisha. Usinakili maelezo ya NOC neno kwa neno, afisa anayajua kuliko wewe. Andika ulichofanya: ulisimamia umwagaji wa zege kwenye makalvati, ulipima udongo, uliandaa ripoti za maendeleo ya mradi, ulisimamia mafundi wangapi. Na uombe barua hii ukiwa bado unaelewana na bosi. Watu wengi wanaikumbuka wameshaacha kazi kwa ugomvi.

#4 Muuguzi Makambako

Dada, hapa umenigusa. Mimi nina diploma ya uuguzi, nimefanya kazi miaka sita. Ofisini kwetu wana barua moja tu ya mfano, wanabadilisha jina na tarehe, na utumishi wamekataa katakata kuandika majukumu wala saa. Nifanyeje? Na je, nikipata ukaazi nitaanza kazi ya uuguzi moja kwa moja?

#5 Mhandisi wa Ilomba

Pole dada. Chukua hiyohiyo barua yao fupi, usiiache. Iambatanishe na mkataba wa ajira, barua ya kuajiriwa, slipu za mshahara, taarifa ya michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, na maelezo ya kazi yaliyomo kwenye mkataba kama yapo. Kisha mwombe matroni au msimamizi wako wa wodi aandike barua yake binafsi ya majukumu, aweke cheo, simu na saini. Mwisho uandike ukurasa mmoja wa maelezo: ofisi haitoi barua ya aina nyingine, haya ndiyo niliyoweza kupata, na ushahidi wa kwamba uliomba huu hapa. Ombi lako lifanye kwa maandishi ili ushahidi huo uwepo.

Swali la pili jibu ni hapana, na mawakala hawalisemi. Kibali cha kuishi siyo leseni ya kazi. Uuguzi Kanada unasimamiwa na kila jimbo kivyake. Unaweza kutua na ukaazi wa kudumu mkononi usiruhusiwe kugusa mgonjwa mpaka bodi ya jimbo ikusajili, na kwa muuguzi aliyesajiliwa kuna mtihani. Anza mapema kuomba uthibitisho wa usajili wako kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, ungali huku, maana nyaraka hizo zinatumwa na baraza lenyewe. Hata sisi wahandisi ni hivyohivyo, siwezi kusaini michoro kule mpaka nisajiliwe na chama cha wahandisi cha jimbo nitakalokaa.

#6 Fundi Mwanjelwa

Mkuu na sisi tunaochomelea mageti tunahesabika? Nina cheti cha VETA, nina karakana yangu, sijawahi kuajiriwa. Kuna mtu aliniambia kuna programu ya mafundi haihitaji Kiingereza kingi.

#7 Mhandisi wa Ilomba

Unahesabika kaka, ila sikiliza vizuri. Programu ya mafundi ipo na kiwango chake cha lugha ni cha chini kweli. Lakini inataka uwe na ofa ya kazi ya angalau mwaka mmoja, au cheti cha fani kilichotolewa na jimbo la Kanada. Ukiwa Mbeya huwezi kukipata kirahisi. Kwa hiyo fundi wengi wanaishia kuomba kupitia programu ileile ya wafanyakazi wenye ujuzi, ambayo inakubali uchomeleaji kwa sababu ni kazi yenye ujuzi, ila Kiingereza ni 6.0.

Kujiajiri kunakubalika. Tatizo ni ushahidi. Maelezo uliyojiandikia mwenyewe kwamba wewe ni fundi hayakubaliki, lazima yatoke kwa mtu wa tatu. Leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, hati za TRA za kila mwaka, risiti za mashine ya EFD, mikataba ya kazi hata ile midogo, taarifa ya benki inayoonesha wateja wanakulipa, na barua za wateja wakubwa kama shule au kanisa ulilowatengenezea madirisha. Ukiwa unapokea taslimu mkononi na huandiki popote, kwenye macho ya Kanada hujafanya kazi hata siku moja. Anza kuandika leo. Hata usipoenda popote, fundi mwenye mahesabu yake anapata zabuni.

#8 Dereva wa Tunduma

Mimi napiga Dar, Tunduma, Lubumbashi. Udereva wa malori ni ujuzi kwao? Na hati za polisi nitatafuta nchi zote ninazopita?

#9 Mhandisi wa Ilomba

Udereva wa malori makubwa upo kwenye orodha, namba 73300, na daraja lake linakubalika. Hati ya polisi inatakiwa kwa kila nchi uliyokaa miezi sita mfululizo au zaidi ndani ya miaka kumi, tangu utimize 18. Kupita Zambia na kurudi hakuhesabiki. Ukiwa uliwahi kupanga chumba Kitwe ukaishi mwaka, hapo lazima.

Kwenu shida ni mbili. Posho za safari ambazo ndizo kipato chenu hazimo kwenye slipu, kwa hiyo barua ya tajiri itaje mshahara na posho vyote. Ya pili ni elimu: programu hii inataka angalau elimu ya sekondari iliyopimwa. Leseni ya udereva haihesabiwi kama elimu. Aliyeishia darasa la saba njia hii haipo kwake, na anayemwambia ipo anamwibia.

#10 Shamba la Miti Mafinga

Mimi sina shida ya hela. Nina ekari za misindano na milingoti huku Mufindi, nina nyumba mbili Mafinga mjini, zote zina hati. Thamani yake inazidi kabisa hicho wanachotaka. Nikipeleka tathmini ya mthamini si inatosha?

#11 Mhandisi wa Ilomba

Haitoshi, na swali lako ni la maana sana kwa watu wa nyanda zetu, maana utajiri wa huku uko ardhini. Watu wana parachichi Njombe, viazi Uporoto, kahawa Mbozi, mpunga Mbarali. Benki hakuna kitu.

Kanada inataka hela unayoweza kuitoa kesho asubuhi. Thamani ya nyumba, shamba au miti haihesabiwi hata senti moja. Kwa viwango vilivyotangazwa Julai 2025, mtu mmoja alitakiwa kuonesha dola za Kanada 15,263, familia ya watu wanne 28,362. Kwa shilingi, hiyo ya mtu mmoja ni zaidi ya milioni 25. Viwango vinabadilika kila mwaka, angalia tovuti ya serikali yao. Na idadi ya familia inahesabu mke na watoto wote wanaokutegemea, hata kama wanabaki Mafinga.

Hela isiwe ya mkopo. Benki inakuandikia barua inayotaja kila akaunti, ilifunguliwa lini, kuna kiasi gani sasa, wastani wa miezi sita, na madeni yako. Mtu akiona wastani wa laki tatu halafu ghafla milioni 50 zimeingia wiki iliyopita, atauliza zimetoka wapi. Kwa hiyo kama unataka kuvuna miti, vuna mapema, mkataba wa mauziano uandikwe na kushuhudiwa, mnunuzi akulipe kupitia benki, hela ikae. Ukiuza shamba miezi saba au minane kabla na karatasi zako zimenyooka, huna cha kuogopa. Anayekuambia atakuazimisha hela "ilale kwenye akaunti yako" kwa wiki mbili anakutafutia ile adhabu ya miaka mitano.

#12 Mama Tukuyu

Naomba niulize jambo lililonikaa moyoni. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Nina watoto wawili wa kuzaa, na mtoto wa marehemu dada yangu ninayemlea tangu akiwa mdogo kabisa. Shuleni anatumia jina la mume wangu, anatuita baba na mama. Kwenye fomu nimwandike kama mwanangu? Kuna mtu alinishauri nimkatie cheti cha kuzaliwa kipya chenye jina langu. Pia mume wangu ana mtoto wa nje ambaye hatuishi naye, anasema tusimtaje kwa sababu haendi.

#13 Mhandisi wa Ilomba

Mama, shikamoo. Nashukuru umeuliza, kwa sababu hapa ndipo familia zinaharibikiwa.

Mtoto wa marehemu dada yako ni mwanao kwa kila kitu tunachokijua sisi. Sheria ya Kanada inatambua mtoto wa kuzaa au wa kuasili kisheria peke yake. Malezi ya ukoo hawayahesabu. Usikate cheti kipya, tafadhali sana. Wana uwezo wa kudai kipimo cha DNA, na majibu yakija tofauti mnafungiwa familia nzima, pamoja na wale wawili. Njia halali ni kuasili kupitia mahakama kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri atafanya uchunguzi, na inachukua muda. Kanada nao wataangalia kama uasili huo ni wa kweli au umefanywa kwa ajili ya safari. Kwenu nyinyi mmemlea miaka yote, kuna rekodi za shule, kadi ya kliniki, barua ya mtendaji wa kijiji. Mnao ushahidi wa ukweli, utumieni. Anzeni hilo kabla hata ya IELTS. Mimi nisingeondoka nikamwacha mtoto wa namna hiyo kwa ahadi ya "tutakuja kukuchukua", na naona hata wewe ndicho kinachokuuma.

Kuhusu mtoto wa nje wa mzee: atajwe. Kanuni inasema kila mtoto anayetegemea, aliye chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa, lazima aandikwe na apimwe afya, aende asiende. Asipotajwa, kwa kanuni ya kawaida baadaye hamtaweza kumdhamini kama mwanafamilia. Tuseme mtoto huyo ana miaka tisa leo. Akifika 17 mama yake akafariki, baba atakuwa Kanada hana njia ya kumchukua, kwa sababu ya mstari mmoja alioruka kwenye fomu. Mzee akae na mama wa mtoto waongee mapema, maana kupimwa kwa mtoto kunahitaji ridhaa ya mama huyo.

#14 Mama Tukuyu

Marahaba mwanangu. Ndaga fijo. Nitaongea na mwenzangu usiku huu, na Jumatatu naenda ustawi wa jamii.

#15 Mzalendo Njombe

Mimi nauliza tu kwa upendo, kwa nini mnakimbia? Parachichi inalipa, nchi inahitaji wahandisi na wauguzi. Mkichukua ukaazi huko mnapoteza Utanzania, mnarudi kama wageni kwenye mashamba ya baba zenu.

#16 Mhandisi wa Ilomba

Kaka, hoja ya nchi kuhitaji watu naiheshimu na sina jibu la kukunyamazisha. Kila mtu apime na familia yake.

Ila hilo la Utanzania siyo kweli, na limewatisha wengi. Ukaazi wa kudumu siyo uraia. Unabaki Mtanzania mwenye pasipoti ya Tanzania na shamba lako ni lako. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo suala hilo linakuja pale tu utakapoamua kuomba uraia wa Kanada, na hakuna anayekulazimisha. Sharti la kulinda ukaazi ni kuwa Kanada siku 730 ndani ya kila miaka mitano. Hizo nyingine unaweza kuwa Njombe unapalilia parachichi.

#17 Mnyalu wa Kihesa

Nimemtumia dogo uzi wote. Ameuliza kuhusu majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, NIDA matatu, na kwenye digrii jina la ukoo limekosewa herufi moja. Pia anauliza kuhusu Australia na Uingereza.

#18 Mhandisi wa Ilomba

Majina: aamue jina la pasipoti ndilo la kudumu, na mengine yote yaelekezwe huko. Kosa la herufi moja kwenye digrii aliombee marekebisho chuoni kabla transkripti haijatumwa WES, kwa sababu chuo ndicho kinachoituma moja kwa moja. Majina mawili dhidi ya matatu, hati ya kiapo kwa wakili inayosema huyu ni mtu mmoja. Kama jina limebadilika kabisa, afuate utaratibu wa kisheria wa kubadili jina na usajili wake. Sisi wenye koo za Mwa- tunalijua hili, makarani wametuandika kila namna.

Australia ina mfumo wa alama pia, kiwango cha chini 65, uwe chini ya miaka 45, na kwanza fani yako ipimwe na bodi yao. Umri wa 25 mpaka 32 ndio wenye alama nyingi zaidi, 30. Ni njia nzuri kwa walimu na wauguzi, ila sijaipita mwenyewe, aliyeipita aje atufundishe. Uingereza haikupi ukaazi wa kudumu moja kwa moja, unaanza na viza ya kazi yenye mwajiri. Na hili mlisambaze: tangu 22 Julai 2025 Uingereza imefunga kuajiri wahudumu wa kulea wazee kutoka nje. Kama kuna mtu Mbeya bado anawachukulia wadada hela za nafasi hiyo, ni wizi.

Kwa anayetaka kumlipa mtu msaada kwenye mambo ya Kanada, siyo dhambi. Ila anayeruhusiwa kupokea malipo ni mwanasheria wa kule, mthibitishaji wa nyaraka (notari) wa jimbo la Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na chombo chao kinachoitwa College of Immigration and Citizenship Consultants. Orodha yao iko wazi mtandaoni. Jina lisipokuwepo, usilipe.

#19 Mwalimu wa Fizikia

Nina swali moja tu, kisha nawaachia wengine. Mimi nina miaka 41, mke wangu ni muuguzi wa miaka 31, wote tuna digrii. Ndoa yetu ni ya kimila, mahari ililipwa, cheti hatuna. Kila mtu ananiambia mume ndiye anayeomba, mke anafuata.

#20 Mhandisi wa Ilomba

Mwalimu, fomu haina kichwa cha familia. Ina mwombaji mkuu, na mwombaji mkuu ni yule mwenye alama nyingi. Kwa mtu mwenye mwenzi, miaka 41 inakupa alama 35 za umri. Miaka 31 inampa mkeo 90. Tayari amekuzidi 55 kabla hajafungua kitabu, na yuko kwenye kundi la afya. Yeye awe mkuu, wewe mwenzi. Elimu yako na IELTS yako zinaweza kumwongezea mpaka alama 28, kwa hiyo ufanye mtihani pia, siyo kukaa pembeni.

Ndoa mkaiandikishe mpate cheti kabla ya kujaza wasifu, ili hali ya ndoa mtakayoiandika iwe na ushahidi tangu siku ya kwanza. Pasipoti ziwe tayari, wote. Matokeo ya IELTS yanadumu miaka miwili na tathmini ya vyeti miaka mitano, kwa hiyo vyeti vitangulie WES, mtihani ufuate. Mwaliko ukija mna siku 60 tu za kuwasilisha kila kitu, na tangu 21 Agosti 2025 vipimo vya afya vinafanywa kabla ya kuwasilisha, kwa daktari aliyeidhinishwa na Kanada. Mimi hayo yote niliyafanya Dar: mtihani, daktari na alama za vidole. Kwa hiyo nauli ya kushuka Kitonga zaidi ya mara moja iingie kwenye bajeti. Ada ya maombi kwa mtu mzima, kwa kiwango kilichoanza Aprili 2024, ilikuwa dola za Kanada 1,525, na kwa mwenzi kiasi hichohicho.

Barua ya mkeo ya kazini ndiyo ya kuanza nayo wiki hii. Akishaandika rasimu ya majukumu, aiweke hapa bila jina la hospitali wala la kwake, tutaipitia pamoja.